Kabla Ukimbilie Paris na Mona Lisa, Cheki Rotterdam: Mji wa Nyumba Zimeinama na Stoo ya Vioo

Kila msee akipata visa ya Ulaya, plani yake huwa moja. Paris, mnara wa Eiffel, selfi na Mona Lisa, posti, rudi nyumbani. Hakuna ubaya. Lakini kitu hizo posti hazikuambii ni kwamba Mona Lisa ni kapicha kadogo, sentimita 77 kwa 53, kamefichwa nyuma ya kioo, na mbele yako kuna umati umeinua simu juu hadi huwezi jua kama huyo mama anacheka ama amenuna. Umelipa doh kuona migongo ya watu.

Wacha nikupeleke kwingine. Rotterdam, Uholanzi.

Nilifika huko mwaka jana juu ya siste yangu mkubwa. Anafanya kazi ya kutunza wazee, mwaka wa sita sasa, na akanitumia barua ya mwaliko. Na usidhani hii ni stori ya mtoto wa mdosi. Ada ya visa ya Schengen ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Unadaiwa bima ya safari ya angalau euro 30,000, karatasi za benki, na ushahidi kwamba utarudi kwenu. Sasa mtu aliacha campo mwaka wa pili, anaandika stori za mtandao na kulipwa kwa kila stori, ushahidi wake wa kurudi ni gani? Nilibeba mkataba wa keja, barua ya kazi na maombi ya mathe. Ikaingia.

Siste alikuwa na shifti, so nilikuwa na siku mbili za kuzunguka solo na pesa kidogo. Hivi ndivyo ningekushauri uzitumie.

Usianze na nyumba za ajabu

Hilo ndilo kosa la kila mgeni. Anatoka steji ya treni, anauliza nyumba zimeinama ziko wapi, anapiga picha na kuamua kwamba huu mji ulichorwa na watu wamevuta kitu. Hakuna. Huu mji una sababu, na usipoijua kila jengo litakuwa tu kioja.

Anza Plein 1940, kando ya maji ya Leuvehaven. Kuna sanamu ya shaba hapo, urefu wake unapita mita 6. Ni mtu ameinua mikono juu, kichwa kimerudi nyuma, mwili wote umepinda kama mtu anakinga kitu kinachoanguka kutoka juu. Na katikati ya mwili, pahali moyo unafaa kuwa, kuna shimo. Unaona mawingu kupitia kifua chake. Aliyeichonga ni Ossip Zadkine, na ilizinduliwa 1953. Jina lake rasmi ni Mji Ulioharibiwa. Wenyeji, vile watu wa mtaa hawawezi heshimu kitu muda mrefu, humwita Jan Gat, yaani Jan Shimo.

Stori ya hilo shimo ni hii. Tarehe 14 Mei 1940, Jumanne, kama saa saba na nusu mchana, ndege za Wajerumani zilidondosha mabomu katikati ya Rotterdam. Ilichukua dakika kama 15. Kilichouma zaidi ni kwamba mazungumzo ya kusalimu amri yalikuwa yanaendelea wakati huohuo. Kuna kundi moja la ndege liliona ishara ya kurudi likageuka, lingine halikugeuka. Mabomu yakaleta moto, moto ukamaliza kazi. Watu zaidi ya 800 walikufa na kama 80,000 wakabaki bila nyumba. Tao yote ikaisha. Siku iliyofuata karatasi za kusalimu amri za Uholanzi zikasainiwa.

Ukitembea kwa miguu, angalia chini. Kwa pavement kuna alama zenye taa ndogo zinazofuata ule mpaka moto ulifika. Upande huu wa taa, nyumba ni za kizamani. Upande ule, kila kitu ni kipya. Unaweza simama mguu mmoja kabla ya vita na mwingine baada ya vita, na watu wanakupita na baiskeli zao kama kawaida.

Sasa hapa ndio mambo huwa moto. Miji mingine Ulaya iliyolipuliwa ilisema turudishe kila jiwe mahali lilikuwa. Warsaw walifanya hivyo na mji wao wa kale. Rotterdam wakakataa. Mwezi huohuo wa Mei serikali ya mji ikachukua ardhi yote ya katikati iliyoungua, vifusi vikatumiwa kujaza mifereji, na plani iliyopita 1946 ikaanza mji kutoka karatasi tupu. Mwaka wa 1953, huo mwaka wa sanamu, wakafungua Lijnbaan, barabara ya maduka isiyoingia gari hata moja. Leo utaiona kama mtaa wa kawaida wa kununua viatu. Wakati huo ilikuwa ajabu watu wanatoka nchi zingine kuja kuiangalia.

Sisemi walifanya poa kuliko Warsaw. Kuna wazee wa huko waliokufa wakisema mji wao mpya una baridi, hauna moyo, na ukitembea hapo jioni ya upepo utawaelewa. Lakini ukishashika hiyo stori, ndio sasa unaweza enda kwa nyumba zimeinama.

Blaak: nyumba iliyosimama kwa kona yake

Kutoka kwa sanamu hadi Blaak ni mwendo mfupi wa miguu. Utaziona kabla ufike. Vyumba vya manjano vyenye umbo la mchemraba, kama dadu, lakini kila dadu limesimama kwa kona yake juu ya nguzo. Ziko 38, pamoja na mbili kubwa zaidi, na zimejengwa juu ya daraja la watu wa miguu. Barabara kubwa inapita chini yake.

Alizichora Piet Blom na zikaisha 1984. Wazo lake lilikuwa hivi: kila nyumba ni mti, nguzo ndio shina, na zote pamoja ni msitu. Chini ya msitu watu wapite, wauze, wakutane, na juu watu walale. Kuta zimeinama kwa pembe ya digrii kama 54.7. Nilisomea mambo ya ujenzi hiyo miaka miwili kabla karo inishinde, na odijo wetu mmoja alikuwa anapenda kusema nyumba ni ukuta, dirisha na adabu. Nilitamani awe hapo.

Msee mmoja mkaaji alichoshwa na watu kuchungulia dirishani, akafungua keja yake iwe makumbusho. Inaitwa Kijk-Kubus na unalipa euro chache tu. Ingia. Ndio mahali pekee utaelewa kitu ambacho picha haiwezi kukuambia: kuishi ndani ni kazi. Nyumba ina kama mita 100 za mraba, lakini karibu robo yake huwezi tumia juu ukuta unakujia kichwani. Kabati ya dukani haiingii. Meza imechongwa kona-kona kutoshea. Dirisha lingine halikuonyeshi mbele, linakuonyesha barabara moja kwa moja chini ya miguu yako. Nilizubaa hapo dakika nzima nikiangalia paa za magari. Kilele chake ni kachumba ka pembe tatu kenye madirisha pande zote, na hapo nikakubali, sawa Piet, hapa umenimaliza.

Mimi singeweza ishi hapo, na bado nafurahi kuna mtu aliruhusiwa kujenga kitu kama hicho. Ukitaka kujaribu usiku mmoja, kuna hosteli ya Stayokay ndani ya mchemraba mkubwa.

Ukitoka nje, geuka uangalie ng'ambo ya bandari ndogo. Kuna jengo jeupe la gorofa 10, kama mita 43. Linaitwa Witte Huis, lilijengwa 1898, na wakati huo lilikuwa mojawapo ya majengo marefu zaidi Ulaya. Mabomu yaliliacha. Piga picha moja yenye hilo jengo na mchemraba pamoja, na mtu akikuuliza kwa komenti hiyo ni nini, sasa unaweza mjibu.

Upande ule mwingine wa steji ya Blaak kuna Markthal, ya 2014. Fikiria kiatu cha farasi kimesimama, kimo mita 40, na hicho kiatu chenyewe ni nyumba za watu, 228. Ndani ya tao ni soko. Dari yote imechorwa matunda, samaki, ngano na maua makubwa kuliko mathree, mita za mraba 11,000, kazi ya Arno Coenen na Iris Roskam. Kuna watu wana dirisha la jikoni linaloangalia soko, so unaweza kuwa unapika omena huku unaona mtu chini anang'ang'ana na foleni ya jibini. Kuingia ni bure. Kununua dishi ndani, hapo ndio watakuweza. Jumanne na Jumamosi kuna soko la nje hapo mbele, matunda ni bei ya watu.

Ukisota na njaa, tafuta duka la shawarma uagize kapsalon. Chipo chini, nyama ya shawarma katikati, jibini iliyoyeyuka juu, kachumbari, sosi, yote kwa sahani ya foili. Kapsalon maana yake ni kinyozi. Ilianzishwa hapohapo Rotterdam na kinyozi mwenye asili ya Cape Verde, Nataniël Gomes, aliyekuwa anaagiza hivyo vitu vyote pamoja hadi majirani wakaanza kuagiza "kama ya kinyozi". Na ile steji kuu ya treni, Rotterdam Centraal, yenye paa ya chuma imeelekea juu kama inapaa? Wenyeji wanaiita Steji Kapsalon juu inafanana na ile foili. Mji unaojenga kitu cha mamilioni kisha unakiita sahani ya chipo, mimi nakaa na hao watu.

Siku ya pili: stoo ambayo iko wazi

Hapa ndio nilitaka tufike. Amka mapema, nunua tiketi kwenye intaneti kabla, shika tramu hadi Museumpark.

Utaona bakuli. Bakuli kubwa la vioo, mita 39.5 kwenda juu, jembamba chini na pana juu. Limefunikwa na vioo 1,664, na ndani yake unaona mji wote umepinda, mawingu, miti, na wewe mwenyewe ukiwa mdogo ukiwa na simu mkononi. Hilo ni Depot Boijmans Van Beuningen, lilifunguliwa Novemba 2021. Waliochora ni MVRDV, walewale wa Markthal. Sababu ya umbo hilo si mbwembwe tu: likiwa jembamba chini, linakula nafasi ndogo ya bustani. Na vioo vinafanya jengo kubwa hivyo livae bustani badala ya kuiziba. Kuzunguka nje hulipi kitu.

Sasa cha muhimu. Kuna kitu makumbusho mengi duniani hayapendi kusema kwa sauti. Yale unayoyaona ukutani ni kiasi kidogo sana cha yale wanayo. Boijmans wana vitu zaidi ya 151,000, na hata siku nzuri walikuwa wanaonyesha chini ya asilimia 10. Zingine zote ziko gizani, kwa stoo, miaka na miaka. Stoo yao ya zamani ilikuwa chini ya ardhi, na Rotterdam sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari, so kila mvua kubwa ikija watu walikuwa wanashika roho. Jengo la makumbusho lenyewe, ambalo liko hapo kando, limefungwa kwa ukarabati tangu 2019. Wakaamua: tujenge stoo juu, na tukishajenga, tuwaachie watu waingie.

Ukiingia unakutana na ngazi zinapishana hewani, na makabati ya vioo yananing'inia kila upande na sanaa ndani yake. Mwanzoni nilitafuta ile mpangilio ya kawaida, hapa ni za kale, hapa ni za kisasa. Haiko. Vitu vimepangwa kwa vile mwili wake unataka: joto gani, unyevu gani, saizi gani. Picha ya chuma inakaa na chuma. Foto za rangi zinakaa kwa baridi. Kwa hivyo mtakatifu wa miaka 500 anaweza kuwa jirani ya mchoro wa jana, juu wote wameshonwa na kitu kimoja. Hakuna mwenye anamringia mwenzake.

Na unaona migongo. Hiyo ilinibamba kuliko kitu chochote. Mgongo wa picha una mihuri, stika, namba, majina ya waliowahi kuimiliki, mbao zimerudiwa, misumari. Ni kama kuangalia pasipoti ya mtu. Kupitia madirisha unaona wakarabati wakifanya kazi, mtu ameinama na kapamba ka pamba akisafisha sentimita moja ya picha. Nilisimama hapo nikasahau muda. Hakuna aliyeniuliza kama najua msanii ni nani.

Nasema hivyo juu najua vile wengi wetu huhisi tukiingia makumbusho ya sanaa. Unashika mikono nyuma. Unasoma kabati ka maelezo mara mbili ukijifanya umeshika. Unaogopa kucheka. Stoo haina hiyo presha. Watu wote hapo ni kama wametembelea jikoni.

Ila usiguse. Mwezi wa nne 2025 mtoto alikwaruza mchoro wa Mark Rothko humohumo Depot, picha ambayo magazeti yalisema inaweza fika makumi ya mamilioni ya euro. Mzazi wake nilimuonea huruma bila kumjua.

Ukiwa na bahati utapata imetolewa Mnara wa Babeli ya Pieter Bruegel, ambayo ni mali yao. Ni ndogo, sentimita 60 kwa 74 hivi, ya miaka ya 1560, na ukisongea karibu kuna watu wadogo kama siafu wakibeba mawe. Jengo la ajabu kabisa, limechorwa kabla ya haya yote, na linaonekana wazi kwamba halitawahi isha. Hizi kazi huzungushwa, so cheki kwenye mtandao wao kabla. Kisha panda juu kabisa, kuna msitu mdogo kwenye paa.

Hapohapo Museumpark kuna Kunsthal, ya 1992, iliyochorwa na ofisi ya Rem Koolhaas, mzaliwa wa huo mji. Haina mkusanyiko wake, huleta maonyesho ya kukopa. Sakafu zake ni mteremko, unapanda jengo bila kujua unapanda. Lakini inajulikana zaidi kwa usiku wa Oktoba 16, 2012. Wagondi waliingia kwa mlango wa nyuma na kwa dakika chache tu wakatoka na picha saba, zikiwemo za Picasso, Matisse, Gauguin na mbili za Monet. Walishikwa, walikuwa Waromania. Mama ya mmoja akaambia polisi amezichoma kwa jiko ya nyumbani kuokoa mtoto wake, kisha akaruka maneno yake. Wachunguzi walikuta majivu yenye mabaki ya rangi, kitambaa na misumari ya zamani. Hadi leo hizo picha hazijarudi. Nikiwa hapo mlangoni nilikuwa nafikiria tu huyo mama, usiku, na jiko.

Kuvuka maji

Jioni, vuka daraja la Erasmus kwa miguu. Ni la 1996, mita 802, na nguzo yake moja ya mita 139 imekunjwa kama shingo, ndio maana wanaliita Bata Maji. Mwaka huohuo wa kufunguliwa, nyaya zake zilianza kutikisika upepo na mvua vikija pamoja, ikabidi waongeze vifaa vya kuzituliza. Siku hizi marathoni ya Rotterdam hupita hapo juu. Na kama jina la huu mji lilikuwa linakukumbusha kitu, ni hilo: 1998, Tegla Loroupe alikimbia hapa saa 2:20:47 akavunja rekodi ya dunia ya wanawake iliyokuwa imekaa miaka 13.

Ng'ambo, mtaa wa Katendrecht, kuna Fenix. Ni ghala la bandari la 1923 lililogeuzwa kuwa makumbusho ya watu wanaohama, limefunguliwa Mei 2025. Katikati ya paa kumechomoza ngazi mbili za chuma zinazojizungusha kama kimbunga, kazi ya Ma Yansong na ofisi yake ya MAD. Ni hapo karibu mamilioni ya watu wa Ulaya walipanda meli kwenda Marekani, wengi wao wakiwa hawana kitu. Walikuwa ndio sisi wa wakati huo.

Hiyo siku siste alikuwa ofu, akanikuta. Ndani kuna kichochoro kimejengwa kwa masanduku ya safari 2,000, ya watu waliotoka sehemu zote za dunia. Ya ngozi, ya mbao, ya plastiki, mengine yamefungwa kwa kamba. Siste alienda polepole kuliko mimi. Mahali fulani akasimama mbele ya moja la buluu.

"Brathe, langu si lilikuwa kama hili?"

Nikamwambia lake lilikuwa na magurudumu, na moja lilivunjikia hapo Embakasi kabla hata tufike uwanja wa ndege. Akacheka. Akasema bado liko chini ya kitanda chake. Nikamuuliza liko na nini ndani. Akasema hakuna kitu, ni vile tu hajawahi amua kulitupa.

Tukapanda kile kimbunga hadi juu. Unaona mto, meli, minara ya kioo, na kwa mbali ile hoteli ambayo zamani ilikuwa ofisi ya kampuni ya meli za kwenda New York. Upepo ulikuwa mkali. Yeye alikuwa na shifti ya usiku saa tatu, kwa hivyo hatukukaa. Tukashuka, tukatembea hadi metro ya Rijnhaven, akagonga kadi yake ya benki kwa mlango, mimi nikagonga yangu nikiomba iwe na doh.